Jina Langu Nililificha, la Binti Yangu Likachafuliwa

 

Mwezi uliopita wazazi tulikaa chini ya mwembe kuzungumza juu ya matusi ya kwenye simu yanayowasumbua watoto wetu. Mzee mmoja akasimama, akasema dawa ni moja tu: kila mtu aandike kwa jina lake halisi na namba ya kitambulisho chake. Hapo wenye matusi watanyamaza wenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Jirani yangu akanigusa, akaniuliza, "Mama, vipi wewe? Si binti yako ndiye aliyeumia kuliko wote?" Nikashindwa kumjibu pale pale. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu, kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na sehemu yake ni ya aibu.

Mwaka 2007 nilikuwa nauza mitumba Busia, upande wa Kenya. Tulipiga kura tarehe 27 Desemba. Tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Basi habari tukawa tunazipata kwenye SMS. Ukisikia simu inalia, moyo unaruka.

Usiku mmoja ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Haikuwa na jina. Ilisema watu wa kabila fulani wanakuja kuchoma nyumba, tuwawahi kabla hawajatuwahi. Jamani, sikuuliza ni nani ameandika. Sikuuliza kama ni kweli. Niliituma kwa watu sita. Nilijiambia nawaonya ndugu zangu. Siku mbili baadaye meseji ile ile, imebadilishwa jina la kabila tu, ilikuwa inazunguka mjini kuhusu sisi. Mpaka leo sijui wale sita waliifanyia nini ile yangu. Hilo ni deni langu, na sijawahi kulisema mbele ya watu mpaka leo.

Tulikimbia alfajiri. Nilikuwa na mimba na mfuko mmoja wa nguo. Mnajua Busia ndiko watu husema jina la boda boda lilikozaliwa, kwa wale vijana wa baiskeli waliokuwa wanavusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Mmoja wao alinipandisha nyuma, akapita njia za ndani mpaka upande wa Uganda. Hakuniuliza jina. Siku zile jina lako lilitosha kukuua, maana kwetu mtu akitaja jina la baba ameshataja kabila. Yule kijana alijua, akanyamaza. Hata nauli hakuchukua.

Mwaka 2008 kiasi cha Wakenya 12,000 walikuwa wamekimbilia Uganda. Wengi wetu tulipelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo. Karani alikuwa na meza na daftari, akaniuliza, "Jina lako kamili?" Nilikaa kimya mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Mwishowe nikalitaja. Jina lile ndilo lililonipa blanketi, unga na maharage, na mwaka huo huo likanileta hapa Kiryandongo, ambako binti yangu alizaliwa.

Lakini siku chache baada ya kuandikishwa nilinunua laini ya Uganda barabarani, mjini Tororo. Wakati ule hawakuuliza karatasi yoyote. Nikamwandikia mama yangu aliyebaki Kenya: "Ni yule wa mitumba. Mzima." Jina sikuweka, kwa sababu sikujua simu yake ingekuwa mkononi mwa nani. Kwa hiyo wasomaji wangu, ndani ya mwezi mmoja kuficha jina kulinitia dhambini, na kuficha jina kukaniwezesha kumwambia mama kwamba niko hai. Hapo ndipo makofi yaliponishinda.

Baada ya fujo zile mambo mengi yalibadilika. Serikali ya Kenya ilifikiria kuzima SMS zote nchini, lakini mwishowe kampuni ya Safaricom ikawatumia wateja wake, waliokuwa kama milioni 9, meseji za kuhimiza amani. Wakati huo huo ikaanzishwa Ushahidi, ambako mtu aliweza kuripoti mauaji na uchomaji bila kujitaja. Wangetaka vitambulisho, ni nani angethubutu? Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria ya uwiano wa taifa, ambayo ndani yake maneno ya chuki ya kikabila ni kosa. Mwaka 2010 usajili wa laini ukaanza, na ambazo hazikusajiliwa zikazimwa mwisho wa 2012. Uganda ilianza kusajili mwaka huo wa 2012.

Sisi wakimbizi tulipata shida hapo. Karatasi zetu hazikukubaliwa kila mahali. Ilikuwa mwaka 2019 ndipo mamlaka ya mawasiliano ya Uganda ilipoagiza karatasi za wakimbizi zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu zikubaliwe kusajili laini. Kabla ya hapo tulifanyaje? Tuliazimana. Mwenye karatasi nzuri aliwasajilia jirani, shemeji, mtoto wa jirani. Hakuna aliyeona ni kosa, tuliona ni msaada. Kumbukeni hilo, maana linarudi.

Mwaka 2024 binti yangu alikuwa S.3. Mtu alichukua picha yake, akafungua akaunti TikTok kwa jina la uongo, akaandika kwamba msichana huyu anajiuza ili nyumbani kwao wapate chakula. Halafu picha hiyo hiyo ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya kambini. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Niliona tu kisimani watu wananyamaza nikifika. Mtoto akaacha kula. Akaacha shule wiki tatu. Usiku nilikuwa naamka kumsikiliza kama anapumua, na sioni haya kuliandika hilo.

Nilitaka damu, nisiwafiche. Ndugu zangu wakatafuta namba iliyoanza kutuma ile picha WhatsApp. Walipojaribu kuitumia hela, jina likatokea: la mzee mmoja wa kitongoji cha pili, mtu wa msikitini, mwenye simu ya vitufe. Basi vijana wakapanga kwenda kwake usiku. Walikuwa na fimbo. Nikawaza ile meseji ya 2007, na wale sita. Nikawaambia, "Ngojeni. Nitaenda mwenyewe asubuhi."

Nilimkuta anamenya mihogo. Nilimwamkia, nikamwonyesha namba. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hiyo niliwasajilia watu. Mwaka ule wa shida niliwasajilia watu tisa." Alipowakumbuka mmoja mmoja tukafika kwenye nyumba ninayoijua vizuri sana. Laini ilikuwa kwa msichana aliyekuwa akila kwangu, rafiki wa binti yangu tangu darasa la kwanza. Walikuwa wamegombana juu ya nafasi ya ufadhili wa shule. Basi.

Tulikaa mama wawili, wasichana wawili na yule mzee. Msichana alilia, akafuta akaunti mbele yetu, akaandika kwenye kila kundi kwamba alisema uongo, na akaweka jina lake chini. Binti yangu alirudi shule. Urafiki haujarudi, na picha yake haweki tena popote. Sitasema yamekwisha.

Sasa nirudi kwenye swali la jirani yangu. Usajili ulikuwepo. Jina lilikuwepo. Lakini lilikuwa jina la mtu asiye na hatia, na kama vijana wangekwenda usiku ule tungemzika. Kitambulisho kinasema nani alisajili laini. Hakisemi ni kidole cha nani kilichoandika.

Tena si kweli kwamba mwenye jina lake haandiki ubaya. Kabla na baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2013, mradi wa Umati wa Nairobi ulifuatilia maneno ya chuki mtandaoni, ukaona kwamba wengi wa walioyaandika Facebook hawakujificha.  Korea Kusini nao walijaribu. Mwaka 2007 waliweka sheria kwamba mtu athibitishe jina lake halisi kabla ya kuandika kwenye mitandao mikubwa. Mwaka 2011 wezi wakaiba taarifa za watu wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja ya mtandao nchini humo, na mwaka 2012 mahakama yao ya katiba ikaifuta sheria ile. Sasa fikirieni taarifa hizo zingekuwa zetu: jina, kabila, kijiji ulikotoka, kambi uliyopo. Kati yetu wapo waliokimbia watu wanaowatafuta hadi leo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Jina lako lijulikane na wanaopaswa kulijua, kama lile daftari la Mulanda, na lifunguliwe kwa utaratibu wa sheria mtu akiumizwa. Lakini lisibandikwe ukutani kila mtu alisome. Na yule mama aliyemkimbia mume mpigaji, aachwe aitwe "Mama Maua" kwenye simu yake kwa amani.

Kwa familia zetu naomba mfanye haya:

Kwanza, ukitukanwa usifute. Piga picha ya kioo, andika tarehe na namba, halafu ripoti akaunti hiyo ndani ya TikTok au WhatsApp yenyewe, na upeleke ushahidi kwa ofisi ya ulinzi au polisi. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta tangu 2011, na kumsumbua mtu kwa simu kumetajwa humo.

Pili, kama laini yako ina jina la mwingine, nenda ukasajili yako. Na wewe uliyewasajilia wenzako kwa huruma, waambie wabadilishe. Yule mzee amebakiza wawili tu.

Tatu, meseji isiyo na mwenyewe ikifika, iishie kwako. Mimi ningeiacha ile ya 2007 iishie kwangu, leo ningelala vizuri zaidi.

Nne, muulize mtoto wako leo usiku ameona nini kwenye simu. Uliza polepole, wala usianze kwa kumnyang'anya simu, hatakuambia tena.

Mtaona sikuweka jina langu hapo chini. Mhariri analijua, na jirani yangu wa mwembeni analijua. Binti yangu ndiye aliyeniomba, na hadithi hii aliisoma kwanza yeye kabla yenu. Alifuta mistari miwili, mingine akasema iende.

Nawatakia mwezi mwema na mvua ya kutosha mashambani.

Mama wa watoto wanne, Kiryandongo