Mombasa mpaka Nairobi kwa Ndege

Je, Mombasa na Nairobi ni mbali kadiri gani? Angani ni kilomita 440 hivi. Kwa barabara hukaribia 490. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, miaka mitatu! Siku hizi ndege huruka kwa muda wa saa moja tu, hata kupungua, na mbingu zikiwa safi Kilimanjaro huonekana upande wa kusini.

Walakini hesabuni na kungoja. Nalikwenda Mombasa kumzika ndugu yangu, nikaiacha treni ya asubuhi, itumiayo saa tano au sita, nikachagua ndege kwa haraka yangu. Ikachelewa saa saba. Nalipofika makaburini, kaburi limekwisha kufukiwa, na mama ameketi kando, akiningoja.