Udzungwa: Hifadhi ya Kutembea kwa Miguu



Watu wengi wakisikia maneno "hifadhi ya taifa" hufikiria gari. Hufikiria watalii wamekaa ndani ya gari, wanatazama simba dirishani. Mwanakijiji asiye na gari husema, "Mambo hayo si yangu."

Leo nataka kukueleza juu ya hifadhi isiyo na barabara ya gari ndani yake. Hapo kila mtu hutembea kwa miguu. Mgeni kutoka Ulaya hutembea. Mkulima kutoka Ifakara hutembea. Hifadhi hiyo ni Milima ya Udzungwa.

Mimi na mke wangu tulitembea huko siku mbili. Soma, uone tuliyoyaona. Kisha fikiri juu ya kijiji chako.

MAHALI PENYEWE

Milima ya Udzungwa iko katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Ukitoka Mikumi, shika njia ya Ifakara. Utapita Kidatu, kisha utafika Mang'ula. Hapo ndipo yalipo makao ya hifadhi. Ukisafiri kwa treni ya TAZARA, unaweza kushuka Mang'ula.

Ukiwa njiani, kulia kwako utaona milima mirefu yenye msitu. Kushoto utaona bonde la Kilombero. Bonde ni tambarare, lina mpunga na miwa. Milima na bonde vinapakana kama ukuta na sakafu.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,990. Msitu wake una sifa moja kubwa. Unaanzia chini karibu na mashamba, unapanda bila kukatika mpaka juu penye baridi, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ni mahali pachache sana Afrika Mashariki ambapo msitu wa namna hiyo umebaki.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mke wangu aliuliza swali. Dada yake anaishi katika kijiji kilicho kando ya hifadhi. Mwaka mmoja tembo walitoka msituni usiku wakala mihogo yake. Mke wangu alisema, "Baba Watoto, twende tukalipe kiingilio ili tuwaone wanyama waliokula mihogo ya dada yangu?"

Nilimjibu, "Twende. Swali lako tulibebe, tukaulize huko huko."

SIKU YA KWANZA: NJIA FUPI

Siku ya kwanza tulichagua njia fupi. Njia hiyo inaanzia karibu na makao ya hifadhi Mang'ula. Inakwenda kwenye maporomoko madogo yaliyopewa jina la Bernhard, mwana wa kifalme wa Uholanzi. Hata mtu mzima asiye na mazoezi anaweza kuifuata. Inapita kwenye kivuli cha miti mikubwa.

Hatukutembea hata robo saa, tukasikia matawi yanatikisika. Tulisimama. Juu yetu walikuwa mbega wekundu. Kichwa chao kina nywele nyekundu kama kofia. Walikuwa wengi, wakubwa kwa wadogo. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto tumboni. Akaruka kutoka mti hadi mti, na mtoto hakuanguka.

Mtazame mbega vizuri mkononi. Hana kidole gumba kama chako. Vidole vyake vinne humtosha kushika tawi. Sasa mtazame anavyokula. Anakula majani zaidi. Tumbo lake lina vyumba, kama la ng'ombe. Humo majani huchachuka kwanza, ndipo mwili upate chakula. Kwa hiyo mbega hukaa muda mrefu ametulia, ameshiba, tumbo linafanya kazi.

Mbega huyu mwekundu wa Udzungwa hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika milima hii na misitu ya jirani yake. Msitu huu ukiisha, naye ataisha.

Mbele kidogo tuliona mbega weusi wenye nywele ndefu nyeupe. Tuliona kima. Njule alipita mbele yetu mbio. Njule ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza. Ukimwona utadhani ni panya. Lakini wataalamu wanasema ukoo wake uko karibu zaidi na tembo kuliko panya. Mwaka 2008 walitangaza aina mpya ya njule kutoka milima hii, mwenye uso wa kijivu. Uzito wake ni kama gramu 700. Mnyama wa ukubwa huo alikuwa hajaandikwa katika kitabu chochote mpaka mwaka huo!

SIKU YA PILI: MAPOROMOKO YA SANJE

Siku ya pili tuliamka mapema. Tulikwenda Sanje, kilomita 10 hivi kutoka Mang'ula. Kwa njia hii unapewa mwongozaji. Wetu alikuwa kijana mzaliwa wa hapo hapo. Alituamkia, kisha akatupa masharti matatu. Tusipige kelele. Tusitupe taka. Tusichukue kitu chochote, hata jani.

Njia inapanda. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa nne hivi, pamoja na kupumzika. Mara kwa mara mke wangu alishika mti na kuvuta pumzi. Kijana alimngoja. Alisema, "Polepole, mama. Mlima haukimbii."

Ukifika, utasahau uchovu. Maji ya mto Sanje yanaanguka kwa ngazi. Jumla ya urefu wake ni mita 170. Fikiria minazi mirefu saba, mmoja juu ya mwingine. Maji bado yanazidi! Mvuke wake unakulowesha ukiwa mbali. Ukigeuka nyuma unaliona bonde lote la Kilombero, na mashamba kama mkeka uliotandikwa.

Mke wangu alinionyesha jambo. Usiku uliopita mvua ilinyesha. Lakini maji ya mto yalikuwa safi, mawe ya chini yanaonekana. Huko kwetu mvua ikinyesha, mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Sababu ni hii. Msituni tone la mvua haligongi udongo moja kwa moja. Linapiga jani la juu, kisha la chini, kisha linaanguka kwenye majani yaliyooza. Majani hayo hunyonya maji kama sifongo. Maji huingia ardhini polepole, na hutoka kwenye chemchemi polepole. Ndiyo maana mto hutiririka hata wakati wa kiangazi. Mlima ulio uchi hauwezi kufanya hivyo. Maji hukimbia juu ya ardhi na huchukua udongo wako mzuri.

Maji ya Udzungwa yana kazi nyingi. Yanamwagilia mpunga na miwa. Huko Kihansi yanaendesha mitambo ya umeme ya megawati 180. Mwishowe huingia mto Rufiji. Katika Rufiji ndipo lilipo Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Kwa hiyo taa inayowaka mjini inahusiana na jani linalooza mlimani.

NGOLAGA

Tulipokuwa tunashuka tulisikia mlio mzito kutoka ng'ambo ya bonde. Kijana alisimama. Alisema kwa sauti ndogo, "Ngolaga."

Tulinyamaza tukangoja. Baada ya muda tuliwaona, watano, wanatembea chini ya miti. Rangi yao ni ya kijivu. Walikuwa wanapekua majani makavu kwa mikono, kama mama anayechagua mchele. Walitafuta mbegu na wadudu. Hawakutujali. Hapo Sanje watafiti wamelizoeza kundi moja kuona watu.

Habari ya ngolaga ni nzuri, nawe uikumbuke. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu huu. Walisikia mlio wasioutazamia. Mwenyeji aliyekuwa nao aliwaambia kuwa huyo ni ngolaga. Watafiti wakachunguza. Wakakuta kuwa ni nyani wa aina isiyojulikana na wataalamu. Leo ulimwengu unamwita kwa jina la Sanje, kijiji chenyewe. Anaishi katika Udzungwa tu.

Tafakari, ndugu msomaji. Wataalamu walikuwa hawamjui, lakini mwanakijiji alikuwa anamjua, tena kwa jina. Sasa wewe umejifunza kusoma na kuandika. Unayoyajua juu ya miti, ndege na wanyama wa kijiji chako, yaandike. Usiseme, "Mimi sina elimu." Elimu hiyo unayo.

SWALI LA KUNI

Njiani tulipita miti mingi iliyoanguka. Mke wangu alisimama mbele ya gogo kubwa lililokauka. Alimwuliza kijana, "Mwanangu, gogo hili linaoza bure. Dada yangu ananunua kuni. Kwa nini asije kuokota?"

Swali hilo ni zito. Mpaka mwaka 2011 wananchi wa kandokando waliruhusiwa kuokota kuni kavu katika siku maalumu. Mwaka huo ruhusa ilikoma. Wanawake wengi waliumia, kwa kuwa mzigo wa kuni ni wao.

Kijana alijibu kwa heshima. Alisema gogo haliozi bure. Wadudu hukaa humo, na njule hula wadudu hao. Likioza huwa mbolea ya mti mwingine. Tena, wengine waliokuja kuokota kuni kavu walikata na mibichi.

Mke wangu alisema, "Maneno yako ni kweli, mwanangu. Lakini maneno hayachemshi maji ya ugali."

Kijana alicheka. Mimi sikucheka. Kwa kazi yangu ya ubwana shamba, nilijua kwamba jibu la swali hilo haliko msituni. Liko shambani.

JIBU LIKO SHAMBANI

Chukua shamba lako la eka 1. Ni hatua 70 kwa 70. Ukipanda miti mpakani tu, kila baada ya mita 2, utapata zaidi ya miti 120. Hukupoteza shamba lako, umepanda mpakani. Kwanza kubaliana na jirani yako.

Panda mijohoro. Mti huu hukua haraka katika joto la bondeni. Baada ya miaka michache unaweza kuanza kukata kuni. Ukiukata, kisiki huchipua tena. Usikate yote mara moja. Kata kwa zamu, ili kila mwaka uwe na kuni.

Jambo la pili ni jiko. Mafiga matatu hupoteza moto mwingi. Jiko sanifu la udongo huzuia moto usitawanyike, na kuni hupungua. Jambo la tatu ni pumba za mpunga. Bonde la Kilombero lina pumba nyingi, na zinaweza kuchoma matofali badala ya magogo.

Na tembo je? Zamani tembo walivuka bonde kwenda upande wa Selous na kurudi. Sasa nyumba na mashamba vimeziba njia zao nyingi. Mang'ula kuna wakulima waliojenga uzio wa mizinga ya nyuki. Wanasimika nguzo, wanafunga waya, wananing'iniza mizinga kwenye waya huo. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Tembo anaogopa nyuki. Uzio huu hauzuii kila tembo kila usiku. Lakini hupunguza hasara, na mkulima huvuna asali. Kazi hii hufanywa kwa kikundi, kwa sababu mizinga inataka kutunzwa.

Tulipofika kwa dada yake jioni, mke wangu hakuanza na habari za maporomoko. Alianza na mizinga. Walizungumza mpaka taa ikazimwa. Kulipokucha, dada aliniuliza mbegu za mijohoro zinapatikana wapi. Nilimwambia amwone afisa misitu wa wilaya. Nawe fanya hivyo.

UKITAKA KWENDA

Nenda miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Njia haitelezi sana. Vaa viatu vilivyofunga mguu na nguo ya mikono mirefu. Chukua maji na chakula. Ukiona siafu, ruka upite haraka. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Uliza langoni kabla ya kupanga safari. Mwalimu wa kisomo anaweza kupeleka darasa zima.

Nenda na mwenzio. Macho mawili huona mbega, macho manne huona mbega na gogo.

JADILIANENI DARASANI

Chemchemi ya kijiji chenu inatoka wapi? Nani anailinda? Kuni za leo zilitoka wapi, na za mwaka kesho zitatoka wapi? Ni mnyama gani wa kwenu ambaye vijana hawalijui tena jina lake? Andikeni majibu yenu. Kisha yapelekeni kwenye mkutano wa kijiji.