Samaki Wadogo Katika Tangi la Kioo

Mtu wa Homa Bay humjua samaki tangu utoto wake, lakini humjua akiwa wavuni, au akikauka juani, au akiwa ndani ya chungu. Kwa hiyo mgeni aingiapo nyumba yenye tangi la kioo sebuleni, swali lake la kwanza huwa ni moja: hawa wataliwa lini? Akijibiwa kwamba hawaliwi bali hutazamwa tu, hucheka. Yafaa asicheke upesi. Akikaa robo saa mbele ya kioo aweza kuona mambo ambayo hata wavuvi hodari hawapati nafasi ya kuyaona, maana maji ya ghuba ni mazito na hayaonyeshi yaliyomo.

Kazi ya kwanza ni kuchagua wakaaji. Mtoto wa mumi au wa kamongo hupendeza akiwa na urefu wa kidole, na wavulana humleta nyumbani ndani ya kopo. Lakini huyo ni mlaji wa usiku, na asubuhi mwenye tangi huwahesabu wengine akakuta wamepungua. Ngege naye hukua mpaka tangi likawa kama jela kwake. Omena ni mdogo kweli, ila ni samaki wa maji mapana, na akishikwa hufa mara moja. Afaaye kuliko wote ni adel mdogo wa vijitoni, hasa yule mwenye mapezi mekundu ambaye wataalamu humwita Enteromius apleurogramma. Urefu wake ni kama sentimita 5, hula vidudu, na hana ugomvi na mtu. Lakini asiwekwe peke yake. Wakiwa wawili hujificha nyuma ya mawe na rangi yao hufifia. Wakiwa wanane au kumi hutoka mbele ya kioo bila hofu.

Habari ya fulu ni ngumu zaidi. Watoto wa Mbita na Muhuru Bay wamemvua kwa ndoana tangu zamani, na kwa udogo wake watu hudhani ni mpole. Sivyo. Dume hujitwalia uwanja na kumfukuza kila amkaribiaye. Ziwani aliyefukuzwa hukimbia. Katika tangi hana pa kukimbilia, na huweza kupigwa mpaka akafa. Basi atakaye fulu asimchanganye na adel. Achague aina moja tu, aweke dume mmoja na majike kadhaa, na mawe mengi ya kujifichia.

Taabu hiyo ina malipo yake. Jike akishataga huyachukua mayai kinywani mwake, akakaa nayo kwa muda wa wiki mbili au tatu karibu bila kula kitu, mashavu yakiwa yametuna. Watoto wakitoka huogelea karibu na kidevu cha mama, na kwa aina nyingine, kivuli kikipita, hurudi wote kinywani kwa mara moja. Mgeni aliyeona jambo hilo ni nadra kuuliza tena habari ya sufuria.

Taa pia ina maana yake. Upande wa Mwanza wako fulu wawili wa ukoo mmoja: Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ana rangi ya kibuluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina hilo mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu. Wataalamu waliwafuga katika matangi huko Uholanzi, na katika miaka ya 1990 wakaonyesha kwamba katika mwanga wa kawaida kila jike humchagua dume wa aina yake. Lakini mwanga ukigeuzwa kuwa wa rangi ya machungwa tu, majike hawatambui tofauti. Ndivyo ilivyo ziwani pia maji yakichafuka kwa udongo na mbolea: aina huchanganyika kwa sababu ya kutoonana vizuri.

Kuhusu tangi lenyewe, lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 30 na kina cha 40 huchukua lita 108, yaani zaidi ya kilo 100 kabla ya kuhesabu kioo na mawe, kwa hiyo meza iwe imara. Kando ya ziwa hakuna haja ya chombo cha kupasha maji moto. Maji ya bomba yakae siku nzima katika ndoo iliyo wazi ili dawa ya klorini ipungue. Mtu wa Migori asichote katika vijito vilivyo chini ya machimbo ya dhahabu, kwa kuwa wachimbaji hutumia zebaki. Tangi jipya lisijazwe samaki siku ya kwanza. Vijidudu viondoavyo sumu ya mavi yao huchukua wiki kadhaa kuzaliana katika changarawe na chujio. Baada ya hapo robo ya maji ibadilishwe kila wiki.

Liko jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wameshapata hasara. Dawa ya mbu iliyotengenezwa kwa pareto, mmea uliolimwa kwa miaka mingi katika milima ya Kisii, haimdhuru sana mtu, bali ni sumu kali kwa samaki. Nchi ya ziwa ina malaria, na nyumba hazina budi kupuliziwa dawa. Basi siku hiyo tangi lifunikwe vizuri na pampu ya hewa izimwe kwa muda, au samaki wahamishiwe nyumba nyingine.

Na aliyechoka kufuga ampe mwenzake samaki wake. Asiwamwage mtoni Kuja wala ziwani, hasa wale wageni wanunuliwao madukani Nairobi. Gugu maji la Amerika Kusini lilienezwa duniani kwa uzuri wa ua lake, likapandwa katika vidimbwi vya bustani. Katika miaka ya 1990 lilifunga ghuba hata mitumbwi ikashindwa kupita. Mbuta aliwekwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1954, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwatajirisha wengi, hilo halikatailiwi. Lakini wataalamu hukadiria kwamba katika aina zaidi ya 500 za fulu, huenda 200 zimetoweka, na mlaji huyo ni sababu kubwa.

Aina chache ziliokolewa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, na zimekuwa zikizalishwa humo kizazi baada ya kizazi. Watunzaji wake hawachanganyi aina mbili za karibu katika tangi moja, maana huzaa machotara na aina ya asili ikapotea. Mfugaji wa Mbita afanye vivyo hivyo. Awaulize maofisa wa uvuvi kabla ya kuvua, na aandike katika daftari siku na pwani aliyowatoa fulu wake.