Majina Mawili Katika Daftari la Ubatizo

Ukoo wetu hujulikana kwa jina la Shisia. Kwetu Kakamega jina hilo halitolewi ovyo. Kati ya mapacha, wa kwanza ni Mukhwana, wa pili ni Mulongo, na mtoto anayezaliwa baada yao ndiye Shisia. Babu yangu aliitwa hivyo, lakini tangu utotoni sikumsikia mtu akiwataja mapacha waliomtangulia.

Marehemu baba aliniagiza niwatafute. Ningeanzia wapi? Miaka ya 1920 mtoto wa kijijini hakuandikishwa serikalini. Walioandika ni mapadri. Wale wa Mill Hill walianzisha misheni ya Mukumu mwaka 1906, na kila walipobatiza waliandika. (Kama wazee wako walikuwa wa kanisa la Friends, lililofika Kaimosi mwaka 1902, usijisumbue, wao hawabatizi kwa maji.) Huko Uingereza makanisa yaliamriwa kuweka madaftari kama hayo mwaka 1538, ndiyo maana hata watu wa kawaida huko huweza kuhesabu mababu hadi karne ya 16. Sisi tunajikuna tunapofikia.

Katika parokia moja ya zamani, karani alinitolea daftari lililoliwa na mende pembeni. Lote Kilatini! Ukienda, msomaji, shika jina la ubatizo la mzee wako na la baba yake, maana akina Shisia ni wengi kama mchanga. Nilipekua siku mbili, kidole kikishuka mstari baada ya mstari.

Babu nilimpata. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa, na hapo nikawaona: Mukhwana na Mulongo, baba mmoja, mama mmoja, siku moja. Kando padri alikuwa ameandika kwamba wamebatizwa wakiwa katika hatari ya kufa. Baada ya hapo, misalaba miwili midogo ya wino.

Jioni nilimpigia shangazi simu. Akanyamaza kitambo, hata nikadhani laini imekatika.

"Unajua," akasema, "nyanya yetu alikuwa akiulizwa amezaa wangapi, anajibu tisa. Sisi tuliwajua saba. Tulikuwa tukimcheka, tukisema mzee hajui kuhesabu."