Tujenge wenyewe au tuchukue kilichopo?

Projekti ya mwaka wa mwisho imetukaba. Tunatengeneza tovuti ya kutoa habari za chama chetu cha wanafunzi. Rumeti wangu anataka tuandike kila mstari wenyewe kwa PHP. Kwake yeye, kuchukua WordPress ni uvivu.

Jamani, hata WordPress yenyewe haikuanzia sifuri! Mwaka 2003 Matt Mullenweg na Mike Little walichukua programu ya b2, iliyokuwa imekosa mtu wa kuiendeleza, wakajenga juu yake. Leseni ya GPL iliwaruhusu, na sisi inaturuhusu vilevile.

Kuandika mwenyewe kunafundisha, sibishi. Lakini neno la siri, kupandisha picha, maoni ya wasomaji: kila kimoja ni mlango wa mwizi. Sisi tunahitimu. Tundu likionekana tukishaondoka, nani ataliziba? WordPress ina watu wanaoziba kila siku. Chama kitabaki na kazi ya kusasisha tu.

Basi tumekubaliana: msingi WordPress, sisi tunaandika nyongeza ya ratiba za mitihani. Jasho letu litaonekana hapo. Nyie mngefanyaje?