Wodi ya Zamani Haina Mizimu

Vijana huja usiku, wanaruka uzio na kumulika tochi za simu ndani ya wodi ya zamani ya wagonjwa wa akili. Wanarekodi nondo za madirisha, mlango wa chuma, maandishi ya mkaa ukutani. Kesho yake video inazunguka Mbeya nzima: eti kuna vilio, kuna vivuli. Nimefanya zamu za usiku mle ndani miaka kumi na moja kabla hatujahamia jengo jingine. Huo mkaa namjua aliyeushika.

Alikuwa fundi seremala, mtu wa Rungwe. Kila wiki aliandika neno Jumanne na kulikata mstari, kwa sababu kaka yake alimwahidi kumfuata Jumanne. Sindano ya mwezi ilimkubali, akatulia, akaanza kututengenezea viti. Tukampa ruhusa. Nikapiga namba iliyoandikwa kwenye faili, akapokea mtu wa Tunduma asiyemfahamu kabisa. Ndugu walitupa namba ya uongo siku walipomleta. Akakaa nasi miezi saba, mzima, akikata mistari yake.

Watu hudhani ugumu wetu ni mgonjwa mwenye fujo. Huyo mnamshika watu wanne, mnamchoma sindano, nusu saa amelala. Ugumu uko dirisha la dawa. Mama ametoka Makete alfajiri na mwanawe, kapanda magari mawili, anafika haloperidoli imekwisha. Unamwandikia akanunue nje, na nauli ya kurudi ndiyo hela yote aliyobaki nayo. Baada ya wiki tatu kijana analetwa amefungwa kamba mikononi, kamba imeshakula ngozi. Ndugu wanasema dawa za hospitali hazifai kitu. Unaanza upya, na safari hii kupona kunachukua muda mrefu zaidi.

Nilianzia kazi Iringa. Kumpa mtu rufaa ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kulikuwa kumpandisha gari la Dodoma kwa njia ya Mtera, na familia ililia kama inazika. Mirembe ilianzishwa mwaka 1927. Mpaka leo jina lake ni tusi mtaani. Baba mmoja wa Kihehe, mpole, aliniuliza taratibu: "Mwanangu, akirudi nani atamwoza binti?" Sikuwa na jibu.

Wengi wanatufikia baada ya kupita kwa mganga, na siwagombezi. Mmarekani Robert Edgerton aliandika mwaka 1971 juu ya mganga wa Iringa aliyetibu wagonjwa wa akili kwa mitishamba, kwa hiyo jambo hili si geni huku. Waganga ninaowafahamu hawampokei mgonjwa bila ndugu wa kukaa naye. Sisi tunapokea mgonjwa, ndugu anaaga, tunafunga geti. Hapo waganga wametuzidi, na nasema hivyo nikiwa nimevaa sare.

Sasa vijana wanaogopa jengo tupu. Mita mia mbili kutoka hapo, kwenye wodi yenye taa, wapo watu wenye ruhusa mkononi ambao hakuna aliyekuja kuwachukua. Hao hawarekodiwi na mtu.

Kama una ndugu kwetu, rekebisha namba ya simu kwenye faili lake. Njoo siku ya kliniki, mletee viatu. Wagonjwa wetu huulizia viatu kuliko kitu kingine chochote, maana walikuja bila viatu na wanataka kutembea kurudi nyumbani.