Kinga ya Samaki Huanzia Kwenye Ute

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana mama mmoja wa hapa Benaco, mwenye bwawa la sato, alinipigia simu asubuhi. Wachuuzi walikuwa wamefika bwawani, wakaona samaki wana vidonda ubavuni, wakaondoka mikono mitupu. "Bwana samaki," aliniambia, "ada ya mtoto nilikuwa naitegemea humu. Nifanyeje?"

Nilifika na jibu tayari: hamira. Mwaka 2008 watafiti wa Misri walichapisha matokeo ya kulisha vifaranga vya sato hamira ya mikate kwa wiki 12. Kiasi kilichofaa kilikuwa gramu 1 kwa kilo 1 ya chakula. Vifaranga vilikua vizuri, na vilipowekewa bakteria aina ya Aeromonas, wanaosababisha vidonda, vilistahimili zaidi. Hamira ni probayotiki, yaani vijidudu hai vyenye faida, kama vile vya kwenye mtindi. Vikiliwa, huamsha kinga ya mwili, na kinga hiyo hufika hadi kwenye ngozi.

Mama alifuata ushauri. Wiki tatu zikapita, vidonda vipya vikaendelea kutokea.

Siku moja nikiwa navuta kokoro nipime uzito kwa ajili ya taarifa yangu, yule mama akasema taratibu, "Mwanangu, mbona vidonda huzidi kila ukishawapima?" Nikaishiwa maneno. Kila wiki nilikuwa nawavuta samaki wale kwa wavu mgumu na kuwashika kwa mikono mikavu.

Ule utelezi wa samaki ni ukuta wake wa kwanza. Ute una viini vinavyoua bakteria. Ukiufuta na kung'oa magamba, Aeromonas, ambao huishi majini siku zote, wanapata mlango. Hamira haiwezi kuziba mlango ambao wewe unaufungua kila wiki.

Tulibadilisha mambo haya:

1. Kupima mara moja kwa mwezi, samaki wachache tu, kwa wavu laini na mikono iliyoloweshwa.
2. Kupunguza samadi na kuongeza maji safi.
3. Kuondoa wenye vidonda vikubwa na waliokufa, na kuwafukia mbali na bwawa.
4. Kuendelea na hamira. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 3, kinatosha kilo 3 za chakula. Koroga kwenye maji ya uvuguvugu, changanya na chakula kilichopoa. Maji ya moto huua hamira. Changanya cha siku hiyo tu.

Usitupie bwawani vidonge vya antibayotiki vya binadamu. Unawazoesha bakteria dawa, na mabaki yanaweza kumfikia mlaji.

Baada ya miezi miwili vidonda vipya vilikoma, na wachuuzi wakarudi. Lakini samaki wengi walikuwa wameshakufa. Ada alilipa nusu, nusu akakopa. Nilimwomba radhi mbele ya wanawe, akanisamehe.

Kwa hiyo, afisa ugani akija kwako, nikiwemo mimi, mwangalie mikono yake kabla hajashika samaki wako. Kama ni mikavu, mwambie ailoweshe kwanza.